Kipima-uvujaji cha silinda: elfu sita zilizoniokolea injini

Subaru Forester yangu ni STI (toleo la kasi) ya 2005, ile ya injini EJ255, lita 2.5. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameshaichezea: intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele, eksozi pana, kompyuta imepangwa upya ili turbo isukume zaidi. Ilikimbia vizuri mpaka ilipoanza kula oili. Asubuhi moshi wa buluu, kwenye foleni injini inatetemeka, na kichupa cha kunasa mvuke wa oili kinajaa kabla sijafika Naivasha.

Gereji ya kwanza ililaumu turbo. Tukabadilisha, moshi ukabaki palepale. Gereji ya pili ikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: silinda tatu psi 125, ya nne 108. "Hiyo bado iko sawa, bosi." Simlaumu sana fundi yule. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, na geji haitasoma kama kitabu kilichoandikiwa usawa wa bahari. Akamimina oili kidogo ndani ya silinda apime tena, ile njia ya kawaida ya kujaribu ringi za pistoni, zinazozuia hewa isivuje. Ila Subaru ni boksa, silinda zake zimelala. Oili hutuama chini, na upande wa juu wa ringi unabaki mkavu. Tukatoka tulivyoingia.

Ndipo nikanunua kipima-uvujaji: geji mbili na mpira unaofungwa kwenye tundu la plagi. Unazungusha injini mpaka pistoni ifike juu, vali zote zimefungwa, kisha unaingiza hewa ya kompresa. Geji ya pili inakuonyesha hewa inayopotea, lakini uhondo uko masikioni. Ikizomea kwenye eksozi, ni vali ya kutolea moshi. Kwenye mdomo wa hewa, ni vali ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi. Kwenye kifuniko cha oili, ni ringi au pistoni. Silinda zangu tatu zilipoteza kama asilimia 10. Ya nne ilipoteza 40, na nilipofungua kifuniko cha oili upepo ukanipiga usoni.

Nilikuwa pia na kamera ndogo ya kuchungulia. Haikunisaidia: juu ya pistoni palikuwa pasafi na kuta hazikuchubuka. Tulipofungua injini, ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka, mahali ambapo kamera haifiki. Ni ugonjwa unaojulikana wa EJ za lita 2.5 zinazosukumwa kupita kiasi. Mafuta yakijilipua kabla ya wakati wake, pistoni hizi za kumwagwa (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) hazivumilii.

Kasoro zipo. Geji za bei hii hazitulii. Ziba mpira kwanza uhakikishe zote mbili zinasoma sawa, na usiamini asilimia zenyewe, linganisha silinda kwa silinda. Kufika kwenye plagi ni adhabu: nilitoa betri na boksi la hewa, na bado nilichubuka vidole. Halafu kitu ambacho karatasi ya maelezo haikusema: usiache spana ya 22 kwenye boliti ya krenki wakati unafungulia hewa. Pistoni ikiwa imepita juu hata kidogo, injini itajizungusha na spana itakutafuta.

Kipima-uvujaji nakipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya mpira: ni mfupi, na kwa silinda ya nne ilibidi nisome geji nimelalia bampa.