Kariakoo au Masaki kwa mtu asiye na gari?

Anayehamia Dar es Salaam huuliza swali hili mapema, na mimi humuuliza kwanza: kila siku unanunua nini?

Kariakoo mitaa imenyooka na kukatana kama ubao wa drafti, kwa hiyo ukikosea njia unarudi kwa hatua chache. Nguo ziko Mtaa wa Kongo, na soko kuu, alilolibuni Beda Amuli miaka ya 1970, liko hapohapo. Bei ni za jumla, unapatana. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yana kituo Gerezani. Lakini kutembea kwenyewe ni kazi: bidhaa zimetandazwa mpaka barabarani, mikokoteni inakupigia kelele upishe, na mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kupumzika. Hilo linaniuma, maana watu wa mguu ndio wengi pale.

Masaki kuna miti, kivuli na upepo wa bahari. Jioni unatembea kwa raha hasa. Ila viwanja ni vikubwa, kuta ndefu, na unaweza kupita nyumba nyingi bila kuona genge la mboga hata moja. Maduka makubwa yapo, bei zake zimepangwa, na mara nyingi utaishia kupanda bajaji.

Mwenye biashara au bajeti finyu, Kariakoo itamfaa. Mwenye watoto wadogo anayenunua mara moja kwa wiki, Masaki, mradi kodi aiweze.