Nyuzi za ukulele bariton: zipi ununue na zipi uchanganye

Wadau tuelewane kwanza, bariton, yaani ukulele (gitaa dogo la nyuzi nne) ya saizi kubwa, inatyuniwa D G B E, sauti zilezile za nyuzi nne nyembamba za gitaa. Ukienda dukani ukasema tu nataka nyuzi za ukulele utapewa za soprano, ile ukulele ndogo, za G C E A, hazikutengenezwa kwa D G B E, hasa ule uzi wa G ukiushusha hadi D unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Hakikisha pakiti imeandikwa baritone ndo utoe hela.

Kwangu namba moja ni mchanganyiko: D yenye waya (uzi uliozungushiwa waya mwembamba) toka seti ya gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, halafu G, B na E ziwe fluorokaboni, aina ya plastiki nzito. Seti nyingi za bariton zinakuja na D na G zote za waya na hiyo G ndo inachosha aisee, ukiteleza kidole inakwaruza, na pale freti ya pili, kile kichuma cha pili shingoni, waya unalika mapema, pitisha ukucha taratibu utahisi kishimo, ikifika hapo sauti ishakufa. Alafu vumbi letu la Dodoma kiangazi hiki na ule upepo, linajaa katikati ya waya hata ufute vipi. Fluorokaboni unapitisha kitambaa tu basi, na kwa kuwa ni nzito kuliko nailoni uzi wake unakuwa mwembamba kwa noti ileile, sauti inang'aa.

Ile D chukua ya hard tension, yaani ya mkazo mkubwa, mfano toka seti ya D'Addario EJ46. Gitaa la klasiki lina urefu wa uzi sm 65, bariton kama sm 50, kwa hiyo uzi uleule kwenye noti ileile unapoteza karibu asilimia 40 ya mkazo, ukiweka ya kawaida itapwaya.

Namba mbili, seti ya bariton iliyo tayari, ya kampuni ya Aquila au D'Addario, anayeanza inamtosha kabisa, ila mimi hapa mjini sijawahi kuikuta, naagiza Dar inakuja na basi. Namba tatu seti nzima ya gitaa la nailoni, unatoa nne unazotaka, ila G yake nene ina sauti nzito ya kufifia.

Nyuzi za chuma tupu usiguse! Fundi mmoja alinifungia, wiki haikuisha daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la ukulele, likabanduka na ubao wake.

Ukifunga fluorokaboni zungusha fundo mara mbili pale darajani maana inateleza, na siku nne tano za mwanzo utatyuni kila ukiishika, usiikatie tamaa.