Kitambaa cha mgomba: nimekipenda, ila lebo yake si ya kweli

Mimi ni fundi cherehani. Nilinunua mita tatu za kitambaa cha nyuzi za mgomba, nikashona mkoba na shati.

Kikiwa kipya kinakwaruza, karibu na katani, lakini kina mng'ao wa majani makavu ambao pamba haina. Nilipokifua mara ya tatu kikalegea, kikawa kama kitani. Tumia sindano namba 16. Ukingo wake unachambuka upesi mno, kwa hiyo pitisha ovaloki (mshono wa kuzuia ukingo usichambuke) ukishakata tu, na pasi kipige kingali na unyevunyevu. Mkoba umesimama vizuri bila kuwekewa kitu kigumu ndani. Shati silishoni tena: kola inawasha shingo.

Kilichonivuta ni asili yake. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha shina hukatwa likaachwa lioze. Wafumaji wa Okinawa, Japani, wana kitambaa chao cha jadi cha mgomba, bashofu, ila wao hupanda mgomba maalumu wa nyuzi. Hiki kinatokana na mashina ambayo mkulima ameshamaliza nayo, hakidai shamba jingine wala maji mengine ya kumwagilia. Hilo kwangu ni jambo kubwa.

Sasa lebo. Imeandikwa mgomba asilimia 100. Nikachomoa uzi wa mshindio, yaani ule unaopita kwa upana wa kitambaa, nikauwasha kiberiti: ukaungua haraka, ukanuka karatasi, ukaacha majivu laini. Nikachomoa wa mtande, ule wa urefu. Huo ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu ambacho sikuweza kukisaga kwa kucha. Poliesta. Nilijaribu nyuzi sita kutoka pembe mbalimbali, matokeo yaleyale.

Kuchanganya si kosa. Uzi wa mgomba ni mgumu kuusokota ukawa mwembamba na sawasawa, ndiyo maana kuna wafumaji wanaotanda pamba na kupitisha mgomba kwenye mshindio. Pamba nayo ingeoza. Poliesta haiozi, na ikishafumwa humo kuitenganisha ni kazi ngumu. Faida yote ya lile shina inapotelea hapo, tena mnunuzi haambiwi.

Nilimwandikia muuzaji. Akasema lebo aliikuta hivyo kutoka kiwandani.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa ajili ya lebo peke yake. Mkoba nautumia kila siku. Mita nyingine nitanunua kwa yule atakayekubali kunikatia kipande nikichome kwanza.