Paka wa Miwani Niliyempapasa: Uzoefu Wangu

Kilichoniteka ni pumzi. Nilijua fika kwamba paka yule ni mchoro, na miwani yenyewe ilikuwa inanibana paji la uso, lakini kiganja kilipotua mgongoni mwake, ubavu ukainuka taratibu kisha ukashuka, nilivuta mkono haraka kama niliyeshika mnyama wa wenyewe bila ruhusa. Mama Njeri, ninayefanya naye kazi zamu moja, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akanicheka. Zamu yake ilipofika hakucheka tena. "Wewe dada, huyu si ana joto!"

Tulikuwa kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi za mwisho wa muhula, katika chuo kimoja hapa Massachusetts. Kuingia ni bure. Kundi moja la vijana limetengeneza paka anayeonekana kupitia miwani ya Meta Quest 3, ile ambayo kamera zake zinakuonyesha chumba kilekile ulichomo, halafu programu inaongeza humo kitu ambacho hakipo. Bado si bidhaa ya dukani, na mimi si mtu wa kompyuta. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na swali langu moja: hiki kitu kinaweza kumfaa mzee?

Wanyama wa kufuga ndani ya mashine wapo tangu zamani. Tamagotchi ya Bandai ilitoka Japani mwaka 1996, na mwaka 2005 Nintendo wakaleta Nintendogs, ambapo ulimsugua mbwa kwa kalamu juu ya kioo. Lakini kidole chako kilikuwa kinagusa plastiki tu. Hawa wanafunzi wameweka mto halisi mezani, wenye manyoya, ukubwa wa paka aliyejikunja. Ndani yake mna pedi ya joto, mota ndogo inayoinua ubavu, na kitambaa chenye vihisi kinachojua umeguswa wapi. Programu inamchora paka juu ya mto huo huo. Macho yanaona paka, mkono unakuta manyoya, na ubongo unamalizia wenyewe.

Ujanja huu una historia nzito kuliko nilivyodhani. Miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Hunter Hoffman na wenzake walimtibu mgonjwa mwenye hofu kali ya buibui kwa kumwonyesha buibui ndani ya uhalisia pepe, yaani dunia ya kompyuta inayoonekana kupitia miwani, huku mkono wake ukigusa buibui wa kuchezea mwenye manyoya. Kitu cha kuchezea hakihitaji kufanana sana na kinachoonekana. Macho yakishaamua, vidole vinafuata.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni kukoroma. Paka akipapaswa vizuri anaanza kukoroma, na unakusikia mkononi kabla ya masikioni. Mwanafunzi aliyekuwa anatuelekeza alisema mwanzoni walitumia mota za kutetema kama zilizomo kwenye simu, na kila aliyegusa alidhani kuna mtu anapigiwa. Sababu ni kwamba mota zile hutetema kwa kasi, mara 150 na zaidi kwa sekunde, wakati paka halisi hukoroma chini sana, karibu mara 25 hadi 30. Wakazitoa mota hizo, wakaweka spika ndogo ya sauti nzito ndani ya pamba. Hapo wamepata.

Na paka akiamka? Anatembea mezani, anaruka sakafuni, anakwenda zake. Huko hakuna mto, kwa hiyo ukinyoosha mkono ungeshika hewa. Walichofanya ni kumfundisha kukwepa: anainama kidogo, anateleza pembeni, anakutazama kwa dharau. Aliyewahi kufuga paka hatauliza kwa nini. Akichoka anarudi kwenye mto wake, na hapo tu ndipo anakubali kushikwa. Huu ndio uamuzi wa busara kuliko wote waliofanya, na haujawagharimu hata waya mmoja.

Sasa malalamiko. Mto hauna kichwa cha maana. Nilipojaribu kumkuna nyuma ya sikio, mahali paka yeyote anapopapenda, vidole vilipitiliza vikagonga meza. Mkia nao ni picha tupu. Halafu kuna shida ya mkono wenyewe: programu inapaswa kujua kiganja chako kiko juu ya manyoya, si chini yake. Taa zikiwa kali inafanya hivyo vizuri, isipokuwa kingo za vidole zinachezacheza. Kundi la jirani lilipopunguza taa kwa ajili ya onyesho lao, mkono wangu ukaanza kumezwa na paka mpaka kwenye kifundo. Mtoto mmoja akausukuma mto, paka akabaki alipokuwa, analala hewani, mpaka mwanafunzi alipokuja kupanga upya. Na mkanda wa nyuma wa miwani haukufikiria kichwa chenye rasta. Mama Njeri aliishika kwa mkono mmoja muda wote.

Nirudi kwa wazee. Kipo kifaa kiitwacho Paro, mtoto wa sili mwenye manyoya meupe, kazi ya Mjapani Takanori Shibata, na hutumika kutuliza wazee wenye shida ya kumbukumbu. Bei yake ni karibu dola 6,000. Quest 3 ilipotoka mwaka 2023 ilianzia dola 499, kwa hiyo kwa pesa wanafunzi wanashinda. Lakini miwani ile ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Nimvalishe bibi wa miaka 88, mwenye miwani yake ya kusomea na kifaa cha masikio, ambaye akishtuka kidogo anaweza kuanguka? Hapana. Na yale manyoya yaliyoguswa na ukumbi mzima, wengine mikono ikiwa bado na unyevu wa dawa ya kuua vijidudu, kazini kwetu yasingepita mlangoni.

Niliwaambia wazi: mto ndio kazi yenyewe. Ufanyieni kifuniko cha zipu kinachoingia kwenye mashine ya kufulia, uongezeeni kichwa, muuache ukorome bila miwani. Msichana aliyeshona manyoya alitabasamu. Mwenzake wa programu akanuna kidogo, akasema somo lao ni uhalisia mchanganyiko, yaani kuchanganya vitu vya kompyuta na chumba halisi, mto peke yake hautawapa alama. Namwelewa. Tumeachiana namba za simu. Zipu ikishapatikana nitamwomba bosi wetu ruhusa tuujaribu mto kwa wiki moja. Miwani wabaki nayo.