Puru Lililotokeza: Kupasuliwa Tumboni au Kupitia Njia ya Haja Kubwa?

Mgonjwa wa Kisumu au Nakuru aliyeambiwa kwamba puru lake (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) lililotokeza nje ya njia ya haja kubwa linahitaji upasuaji huuliza kwanza kama litatokeza tena, na jibu hutegemea kwa kiasi fulani njia itakayotumiwa.

Katika upasuaji wa tumboni, ambao siku hizi waweza kufanywa kwa matundu madogo, daktari hulivuta puru juu na kulishikiza kwenye mfupa wa sakramu, ulio chini ya uti wa mgongo, kwa nyuzi au kwa wavu. Kwa muda mrefu vitabu vimekadiria kwamba tatizo hurudi kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 10. Hata hivyo, njia hii huhitaji nusu kaputi kamili, na baadhi ya wagonjwa hufunga choo baadaye.

Njia ya chini, inayopitia njia ya haja kubwa, ina aina mbili zinazotajwa sana, ya Delorme na ya Altemeier; haigusi ukuta wa tumbo na yaweza kufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo, hivyo humfaa mzee mwenye moyo dhaifu. Lakini kurudi kwa tatizo huripotiwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, utafiti wa PROSPER, uliolinganisha njia hizi, ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, haukuthibitisha tofauti hiyo.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye nguvu aulizie ya tumboni kwanza. Anayejikamua kwa nguvu msalani, au anayebeba magunia sokoni wiki chache tu baada ya upasuaji, huidhoofisha kazi ya daktari kwa njia yoyote ile.