Alfajiri au machweo: mwanga upi wa kupigia picha nyikani?

Nyakati zote mbili jua liko chini na mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Samawati hutawanyika njiani, nyekundu na manjano ndizo zinazotufikia. Tofauti iko kwingine.

Alfajiri hewa mara nyingi imetulia: ziwa ni kioo, ukungu umelala bondeni, umande unameta kwenye nyasi. Umande huohuo hutua kwenye lenzi pia, kwa hiyo weka kitambaa mfukoni. Kero kubwa ni giza. Unafunga kamera kwenye stendi huku tochi umeiuma mdomoni, na hujui lile jiwe la mbele litakaaje kwenye picha.

Jioni unazunguka kwa nafasi, unachagua pembe ukiona. Ila upepo ukivuma, lenzi ikiachwa wazi kwa 1/15 ya sekunde majani hutoka kama moshi. Na usikunje stendi jua likizama tu. Subiri dakika 20 hivi, anga huanza kukolea samawati.

Mimi ni mtu wa alfajiri. Lakini mahali pageni naanza na jioni, nikariri mawe, kesho yake narudi na tochi.