Mbwa chotara mkubwa: mkanda wa shingoni au wa kifuani?

Mtoto wa mbwa wa wiki 8 aanze na mkanda wa shingoni, mwepesi, avae akiwa nyumbani tu ili azoee kushikwa. Vidole 2 vipite kati ya mkanda na shingo. Upime kila wiki: chotara mkubwa hukua upesi, na mkanda usiolegezwa humchubua chini ya manyoya bila mtu kuona.

Kwenye miteremko ya Iringa mjini mkanda huo haufai. Akivuta, koo linabanwa, anakohoa. Wa kifuani ni bora, ila pete ya kamba iwe mbele, kifuani. Ikiwa mgongoni, atavuta kama maksai wa plau, kwa kuwa uzito wote unaegemea kifua. Ikiwa mbele, akivuta anageuka kukuelekea. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, mpe kipande cha maini ya kuchemsha, saizi ya punje ya haragwe, ndipo mwendelee. Dakika 5, mara 3 kwa siku, zinamtosha.

Kasoro ya mkanda wa kifuani ni makwapa: mvua za Novemba hadi Aprili zikiulowesha, unachubua. Mvue, ukaushe.